Mguu wa Leli

Wewe umewahi kumwona mbwa akinyanyua mguu mmoja, akaganda, asibweke wala asitikise mkia? Basi mwaka 1986 Karatu walikuwa naye: Leli, seta, mbwa wa kuwindia ndege, mwenye manyoya marefu, aliyeachwa na mzungu wa shamba la kahawa. Marehemu mzee Tluway alimfundisha kwa kamba ndefu na bawa la kwale. Akinusa ndege agande, angoje neno. Mzee alipofariki bunduki ikarudishwa polisi. Leli akabaki na elimu yake, na Inosenti, mtoto wa mzee, akarudi na digrii yake. Wote wawili hawakuwa na kazi. Asubuhi hiyo Leli alikuwa ameganda mbele ya ua wa michongoma wa jirani Bernadina, hatua thelathini kutoka benchi la kahawa.

– Kichaa cha mbwa hicho, alisema Patrisi, waliyemwita Redio. Nimeshampa taarifa Bwana Mifugo. Kesho anakuja na bunduki.

– That is pointing, you ignorant man, alisema Inosenti. Anaonyesha windo, amesomea.

– Hata wewe umesomea. Mwenzako angalau anapata mifupa.

Benchi likacheka. Inosenti akameza kahawa pamoja na hasira.

– Amelishwa kitu, alisema mzee Martini, Jaji wa kijiwe. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

– Haraka gani, Jaji? Mbwa amesimama.

– Ndiyo maana.

– Mzungu yuko Ulaya anamtumia maagizo, Redio akaongeza. Mguu ndio eriali.

Inosenti akamkazia macho Leli. Kimawazo alikuwa tena kwenye miteremko ya Oldeani, umande magotini, baba akinong'ona, Leli akitetemeka kwa kungoja. Jioni mbwa alilala juu ya miguu ya mzee, na mzee hakuisogeza hata ilipokufa ganzi.

Lomayani, mgeni kutoka Arash aliyeshuka muda huo kwenye basi la Wasso, akapokea kikombe.

– Pale anapotazama pana nini?

Hakuna aliyekuwa amekwenda kuangalia.

Inosenti akaenda, akapiga ua kwa fimbo. Kwale wawili wakaruka kwa kishindo. Leli hakuwakimbiza. Mguu juu, alikuwa bado anangoja neno la mzee.

Inosenti akainama, akaushusha ule mguu kwa mkono.

– Redio, wewe unayeijua njia ya ofisi, kamwambie Bwana Mifugo: mwaka wa pili huu tunaambiwa chanjo ya kichaa cha mbwa imekwisha, risasi hazijaisha hata siku moja. Kesho aiache bunduki mezani. Alete sindano.