Dole Gumba la Mzee Timazi

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Aprili 1966, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mchimba visima na mama mkulima. Mji mzima ulimwita Mzee Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo mwashi huining'iniza ili aone kama ukuta umesimama wima. Kamba hiyo haikukosekana mfukoni mwake hata siku ya harusi yake. Familia inaomba aitwe hivyo leo pia, maana jina lake jingine limeandikwa magazetini kwa miezi miwili na nusu, kando ya maneno yasiyo ya kweli.

Jicho lake lilianza mapema. Akiwa na miaka saba alikataa kulala karibu na ukuta wa jikoni kwa mama yake. Alisema ukuta ule hausimami, umeegemea tu. Kaka zake walimcheka wiki nzima. Alhamisi ukuta ukaanguka mchana kweupe, ukavunja vyungu viwili na kumwua jogoo. Mama yake alisimama mbele ya kifusi, akasema, "Huyu mtoto asichekwe tena humu ndani." Nyumbani hakuchekwa tena. Huko nje walimwengu waliendelea.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980 na sekondari mwaka 1984. Januari 1985 alijiunga na chuo cha ufundi, fani ya uashi. Mwezi Novemba mwaka huo tofali la zege liliteleza kutoka kwenye jukwaa, likamkata dole gumba la kushoto kwenye kiungo. Mwalimu alipotaka kumrudisha nyumbani, alijibu, "Mwalimu, nimebakiwa na vidole tisa na nusu. Wako wenye kumi na kuta zao zimepinda." Alihitimu wa pili katika darasa la watu thelathini na wanne. Tunaomba mkikumbuke kidole hicho. Tutakirudia.

Kwa miaka minane alijenga kwa mikono yake, kisha tarehe 3 Julai 1995 akaajiriwa na halmashauri kuwa mkaguzi wa majengo. Mkoba wake ulikuwa na timazi, nyundo ndogo, kopo la plasta na vipande vyembamba vya kioo, kila kimoja urefu wa kiganja. Alipoona ufa kwenye nguzo alikilaza kioo juu yake, akakibandika kwa plasta ncha zote mbili, akaikandamiza plasta kwa lile dole gumba fupi, kisha akaandika tarehe. Ufa ukitulia, kioo hubaki kizima. Ukitembea hata unene wa unywele, kioo hukatika. "Kioo hakina mjomba," alipenda kusema. Ile methali ya kuziba ufa hakuipenda kabisa. Alisema ufa huulizwa kwanza, ndipo uzibwe, na kwamba katika miaka yake yote ya kazi nyufa zilizoua watu zilikuwa zimezibwa vizuri sana na kupakwa rangi.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na mshonaji ambaye leo ni mjane wake. Siku ya posa alikaa akitazama dari muda wote, hadi mjomba wa bibi harusi akakereka. "Kijana, mchumba wako yuko huku chini au huko juu?" Akajibu, "Samahani, mjomba. Boriti yenu ya kati imeliwa na mchwa. Mkikaribisha wageni watatu zaidi, mtanizika kabla sijaoa." Alitolewa nje. Jumamosi iliyofuata alirudi na boriti mpya begani, akaipandisha mwenyewe, akanawa mikono, akaposa upya. Nyumba ile imesimama mpaka leo, na mjomba yule yuko hapa, safu ya mbele.

Sasa tuliseme lililotuleta hapa mapema kuliko ilivyopaswa.

Katika barabara ya maduka ya vitambaa palikuwa na jengo lenye kibali cha ghorofa nne. Mwaka 2022 liliongezwa mbili, na juu yake matangi sita ya maji. Tarehe 8 Januari mwaka huu, 2024, marehemu alibandika kioo kwenye nguzo ya ngazini, ghorofa ya kwanza, nje ya chumba cha mafundi cherehani. Siku ya tisa alikikuta kimekatika. Aliandika barua akitaka watu wote watolewe. Mkuu wake wa idara aliisoma akiwa amesimama. "Timazi, wewe ukitazama yai unaona ufa."

"Yai halina ghorofa sita, bosi."

Tarehe 5 Februari ofisi ilimtuma mtu mwingine mwenye kamera. Alirudi na picha ya kioo kizima chenye tarehe 8 Januari. Marehemu alikwenda kujionea. Kioo kilikuwa kizima kweli, na mwandiko uliigwa vizuri, lakini plasta ilikuwa na alama ya dole gumba zima, kutoka kiungo hadi ncha. Mtu alikuwa ameng'oa ushahidi na kubandika uongo mahali pake, bila kujua kwamba aliyekuwa akimwiga hana kidole hicho. Marehemu aliandika barua ya pili akilieleza jambo hilo. Kisha akabandika kioo kingine mahali pasipoonekana, ndani ya kabati la mita za umeme, nyuma ya nguzo ileile. Kilikatika tarehe 14 Februari. Akaandika barua ya tatu. Jibu lake lilikuja tarehe 19: alihamishiwa kitengo cha kukagua mabango ya biashara.

Barua zote tatu alizikabidhi ofisini bila kubaki na nakala hata moja. Aliamini kwamba ofisi ikipokea imepokea. Hilo lilikuwa kosa lake, na familia hailifichi.

Kuanzia siku aliyohamishwa, kila asubuhi kabla ya kazi, alisimama kwenye mlango wa ngazi wa jengo lile na kuwasihi mafundi wahame. Msimamizi wa jengo alimwambia, "Mzee, kama huna kazi, ufagio uko pale." Fundi mmoja, mama wa watoto wawili, alimwambia kwa upole, "Baba, hizi sare za shule zinatakiwa Jumatatu. Nikizimaliza tu nahama." Mafundi wanne walimsikiliza, wakabeba vyerehani vyao wakaondoka. Wenzao waliwatania kwamba wamemkimbia mzee na kamba yake.

Jumatano, tarehe 6 Machi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, jengo liliporomoka. Watu kumi na mmoja walikufa. Yule mama alikutwa chini ya meza yake, na sare zilikuwa zimekunjwa tayari.

Marehemu alichimba kifusi siku mbili kwa mikono yake. Siku ya tatu gazeti lilimwita mkaguzi aliyeidhinisha kifo. Tume ya uchunguzi ilipoomba jalada, barua zake zote tatu hazikuonekana. Ile picha ya kioo kizima ilionekana bila kutafutwa. Alipowapelekea kioo kilichokatika cha kwenye kabati la mita, akiwa amekifunga kwenye leso, aliambiwa kwamba kioo kinaweza kukatika popote, hata mfukoni. Aliitwa kuhojiwa Jumanne, tarehe 28 Mei.

Hakufika. Kikohozi alichotoka nacho kifusini hakikumwacha, miguu ikavimba, na tarehe 22 Aprili akalazwa. Tarehe 10 Mei binti yake mkubwa alimpelekea hospitalini nakala za vielelezo vya tume. Alipofika kwenye ile picha aliomba miwani, kisha akaisogeza dirishani. Akacheka hadi muuguzi akaja kuona kuna nini.

"Mwanangu, wamepiga picha na plasta. Tazama hapa."

"Naona kidole, baba."

"Kizima. Changu nilikiacha chuoni mwaka themanini na tano. Wamenishtaki kwa kidole cha mtu mwingine, halafu wakakipiga picha na kukitia muhuri." Akarudi kulala. "Mnifikishe tu Jumanne hiyo. Sitasema mengi. Nitaweka mkono mezani."

Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka 58. Madaktari waliandika moyo. Familia haibishani na madaktari.

Jumatatu iliyofuata, katibu wa tume alituletea barua ya rambirambi. Ilisema kwamba, kwa heshima ya marehemu, sehemu inayomhusu imefungwa, ingawa tume itakaa Jumanne kama ilivyopangwa. Tunajiuliza ni heshima gani hii, inayomfunga mtu mdomo na kumwachia lawama. Aliyeongeza ghorofa mbili bado anajenga, na aliyeziondoa barua jaladani bado ana ofisi na ufunguo wake. Shada la maua lililoletwa asubuhi hii na wenye jengo limeachwa nje ya geti, na litabaki huko. Naye aliyekandamiza plasta ile, kama yumo kati yetu, ajue kwamba hatumtafuti kwa ubaya. Pengine alitumwa. Aje aseme nani alimtuma.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja na dada wawili. Ameacha pia mafundi cherehani wanne walio hai, waliokaa safu ya tatu, ambao ndio walioshona suti aliyovaa. Walipoulizwa kama watakwenda mbele ya tume, mkubwa wao alijibu, "Sisi tulihama aliposema tuhame. Sasa tutashindwaje kwenda?"

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, binti yake mkubwa, ambaye ni mwashi kama baba yake, alikoroga plasta kwenye kopo lake lilelile. Mama yake aliushika mkono wa marehemu, mafundi wanne walishuhudia. Waliweka kioo, wakakandamiza plasta ncha zote mbili kwa dole gumba la kushoto, wakaandika tarehe ya leo. Alama ni fupi, inaishia kwenye kiungo, na kila mwenye macho anaweza kuilinganisha na ile picha yenye muhuri.

Apumzike kwa amani Mzee Timazi. Jumanne, saa tatu asubuhi, mkono wake utawekwa mezani.