Uji wa Safu ya Pili: Historia ya Marehemu Daktari Protas Wasike

Padre wetu, chifu, wazee, majirani wa Nakwamekwi, na nyinyi mliotoka Kakuma alfajiri mkibanana nyuma ya pikapu, ejok, salamu zenu, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Anayewasomea ni Rozalia, shangazi wa marehemu, aliyesoma hadi darasa la tano, kwa sababu wanaume wa ukoo huu wenye digrii wote wamegundua ghafla kwamba macho yao ni mabovu. Familia ilibishana wiki nzima kama historia hii isomwe yote au ipunguzwe, wazee wakisema maiti hasemwi, na mjane, Sellah, akasema kwamba ikipunguzwa hatakaa kwenye kiti cha mjane wala hatafuata jeneza, basi mtaisikia yote, na mwenye aibu ainame, sisi tumeshainama.

Marehemu Protas Wasike Makokha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 karibu na Webuye, mtoto wa tatu wa Mzee Makokha na Mama Tereza, akaletwa Lodwar akiwa bado ananyonya, baba yake alipohamishiwa ofisi ya mifugo, na watu wakasema mtoto wa nchi ya mvua hatamaliza mwaka kwenye jua hili, lakini alimaliza, akanenepa, akawa mtoto wa kutia kila kitu mdomoni, mchanga, mkaa, hata chumvi ya ng'ombe.

Alianza darasa la kwanza hapa Lodwar mwaka 1978, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, akaenda sekondari Kitale, kisha chuo kikuu Nairobi alikosomea sayansi ya vyakula, akarudi mwaka 1995 na shahada na miwani, na ile miwani ndiyo wasichana waliiona kwanza. Mwaka 1996 aliajiriwa katika maabara ya shirika moja hapa mjini, akapata udaktari wake wa vitabu mwaka 2008, na mwaka 2019 akapelekwa Kakuma, kambi ya wakimbizi.

Tarehe 11 Desemba 1999 alifunga ndoa na Sellah Jelagat, binti wa mzee Kiplagat wa duka la nguo, na mzee huyo alimkataa mara ya kwanza kwa sababu alikuja kuposa akawaeleza wakwe habari za protini hadi chai ikapoa, lakini alirudi amenyamaza, akakubaliwa. Mungu aliwapa Caritas mwaka 2001 na Felix mwaka 2008.

Sasa tunafika mwaka 2022, pale ambapo wazee walitaka turuke. Mvua ilikataa, mbuzi wakafa, mgao wa kambini ukapunguzwa, na marehemu akapata wazo kwamba mathenge, ule mti wa miiba tunaoulaani kila siku, maganda yake yanaweza kusagwa yawe unga, na kweli unga ulipatikana, mtamu, wa rangi ya kahawia. Shida ilikuwa kuni, maana maganda yalitakiwa kukaangwa kwanza na kuni Kakuma ni mali, naye akataka kujua kama mtu anaweza kuula bila kukaangwa, basi akawapanga watoto safu mbili kwenye kivuli cha turubai, safu ya kwanza uji wa maganda yaliyokaangwa, safu ya pili uji wa maganda mabichi, na akina mama wakaambiwa ni uji tu wa msaada.

Kwetu mwenye chungu huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe, hata mama mkwe asiyeongea na mke wa mwanawe huonja, na Achan binti Mabior, ambaye mwanawe alikuwa safu ya pili, alimwambia, "Daktari, onja basi nasi tuone," naye akacheka akajibu, "Mama, mimi nimeshakunywa chai." Neno hilo wanawake wa Kakuma wanalisema mpaka leo, mtu akimdanganya mwenziwe sokoni anaambiwa ameshakunywa chai.

Wiki hiyo marehemu alikuja nyumbani na kifuko cha ule unga mbichi, Sellah akabandika sufuria aupike, kwa sababu hata hapa unga ulikuwa haba, naye akampokonya akaumwaga nyuma ya nyumba, akasimama pale akiwafukuza mbuzi wasiulambe. Sellah aliona, akaelewa, akaosha sufuria.

Watoto wa safu ya pili walianza kutapika na kuhara, marehemu akasema waendelee kidogo kwa sababu majibu hayajakamilika, na tarehe 9 Septemba 2022 mtoto mmoja akafa, tukaambiwa ni maji machafu. Unga wa kukaangwa ukasambazwa, watu wengi wakaponea hapo, hilo nalo ni kweli, na marehemu akafanyiwa sherehe Lodwar, akavishwa shada, na Sellah akapiga vigelegele katika kitenge kipya, akijua.

Hapa matangani mabishano mmeyasikia. Bwana Ochola, aliyefanya naye kazi, alisema nahodha huokoa wengi, na kwamba bila Protas tungezika watu kila siku, na sauti moja huko nyuma ikamwambia, "Wewe Ochola, mtoto wako alikaa safu gani?" Ochola akaanza kutafuta viatu vyake. Achan alisema yeye hakatai kwamba unga ni mzuri, hata yeye ameula, anachouliza ni kwa nini wa kujaribiwa awe wa kwake, wakati wa daktari alikuwa Eldoret shuleni anakula chapati. Familia imelitafutia jibu swali hilo, na la kuvunda halina ubani.

Mwaka 2024 figo za marehemu zilianza kushindwa, akawa wa kusafishwa damu, na mwezi wa Aprili mwaka huu alimwomba Sellah amwite Achan, naye akaja, akakaa kando ya kitanda. Marehemu akamweleza habari ya kuni, ya njaa, na ya safu mbili na faida yake, akaeleza vizuri sana, na neno nisamehe halikutoka. Achan akasimama akasema, "Daktari, mimi sikuja darasani," akatoka, na marehemu akageukia ukuta. Alifariki tarehe 3 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka hamsini na mitatu.

Achan yuko hapa, na hakuja kulia nasi. Aliiomba familia kitu kimoja, kwamba katika ripoti zote mwanawe aliandikwa mtoto wa safu ya pili, na siku ya kumzika hapakuwa na wa kusimama kumsomea, basi asomewe leo, mbele ya watu wale wale waliopiga makofi. Sellah amesema ndiyo. Tafadhali simameni.

Marehemu Mawien Majok alizaliwa Kakuma tarehe 2 Februari 2019, mtoto wa pekee wa Achan. Shule hakufika. Kazi yake ilikuwa kukimbiza kuku wa jirani, na ndoa alikuwa ameahidi kumwoa mama yake. Aliugua kwa uji aliopewa na mwana wetu, akafa mgongoni mwa mama yake njiani kwenda kliniki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Protas, majirani mliochota maji na kupika, wafanyakazi wenzake mliokuja, na pia nyinyi mliokataa kuja, tumewaelewa. Wanawake wa Kakuma, hatujui tuwashukuru vipi.

Mawien, mwana wa Achan, wewe kwanza, pumzika kwa amani. Na wewe Protas, mwanetu, lala, amani tunakuombea, lakini ya kukupa hatuna sisi, anayo huyu mama aliyesimama hapa, na bado hajaitoa.