Ngozi ya Dada Yangu Ilipokataa

Wapendwa, mnaniona nimesimama bila kushikwa na mtu. Tumshukuru Mungu sasa hivi, maana nikishaanza nitalia.

Wengi mnanijua kwa chipsi ninazouza pale steji ya matatu, Kinoo. Siku gesi iliposhika moto, karai la mafuta lilinimwagikia kifuani hadi mapajani. Hospitalini wakasema ngozi yangu iliyobaki haitoshi kufunika vidonda, tuombe ya ndugu inikinge kwa muda. Hiyo "kwa muda" sikuisikia. Maumivu yalikuwa yamenitoa akili.

Dada yangu anafanya kazi ya nyumba Spring Valley. Tulikuwa hatuongei tangu mazishi ya mama. Lakini alikuja, akalala kitandani, wakamchuna paja.

Wiki ya pili ngozi ile ikawa nyeusi. Nesi akafungua bandeji, akasema, "Pole mama, hii imekataa."

Nyinyi mnajua tunavyosema: gari imekataa, simu imekataa. Mimi, ndugu zangu, nilisikia dada ndiye amekataa! Alipoingia na uji nikamwambia mbele ya wodi nzima, "Ulinipa na kinyongo. Hata ngozi yako hainitaki." Akaweka kikombe chini, akatoka akichechemea.

Daktari alinikuta nikilia. Nikamwuliza, mtu wa tumbo moja na mimi anakataaje?

"Kwani nani amekataa, mama? Ni mwili wako."

Akanieleza kwamba kwenye damu kuna seli ambazo kazi yao ni kuua. Zinazunguka zikikagua alama ya mwenye mwili. Zikikuta seli haina, zinaishambulia na kuita wenzao. Hata ndugu wa damu mara nyingi alama hazifanani.

"Hizo hazijui kinyongo," akasema. "Ngozi ya dada ilikuwa ya kukushikilia upate nguvu, na imekushikilia. Sasa tutachuna yako kidogo kidogo."

Yangu ilishika. Lakini nawaambia, aibu niliyoona siku hiyo iliniuma kuliko mafuta.

Namshukuru daktari, na nesi, na nyinyi akina mama mliofua nguo za watoto wangu. Neno likikuchoma, uliza maana yake kabla hujafungua mdomo. Mimi sikuuliza.

Nilimfuata dada hadi kazini kwake, anakolala pia, nikamwambia nimekosa. Akasema, "Paja bado linauma nikipiga deki," akafunga geti. Wa kushukuriwa kwanza ni yeye, na leo nilimwalika, hakuja. Jumapili yake ya mapumziko nitarudi pale nibishe hodi tena. Niombeeni afungue.