Gemu Ikishaingia Ukweni

Rhobi: Haloo? Nani mwenzangu?

Elias: Haloo, shemeji. Ni mimi.

Rhobi: Mimi tuko wengi. Mimi wa wapi?

Elias: Elias. Wa Bunda. Mume wa dada yako Esther.

Rhobi: Ee, shemeji Elias. Shikamoo. Mbona namba ngeni?

Elias: Marahaba. Ya Gasper hii, karani mwenzangu hapa kwenye ghala la pamba. Yangu mimi Esther anaikaguaga. Butiama hamjambo?

Rhobi: Hatujambo. Lakini ongeza sauti, unanong'ona kama mtu aliyeiba.

Elias: Siwezi, watu wanapima mizigo hapo nje. Nimejibanza nyuma ya marobota. Rhobi, uko peke yako?

Rhobi: Swali gani hilo la kumuuliza shemeji yako mchana kweupe?

Elias: Acha utani wako. Mzee yuko karibu?

Rhobi: Baba yuko barazani. Mimi nimepanda juu ya jiwe, nyuma ya zizi, hapa ndo mtandao unashikaga. Kwani kuna nini? Dada ana tati—

Elias: Hapana, Esther mzima. Watoto wazima. Ni ule mfuko.

Rhobi: Mfuko upi?

Elias: Mweusi, niliomletea Mzee Jumapili. Nilimpa kwa mikono miwili pale mlangoni.

Rhobi: Nakumbuka. Ulimpa huku unaangalia viatu vyako.

Elias: Sasa niangalie wapi? Mkwe ni mkwe. Je, ameufungua?

Rhobi: Kwa nini unauliza?

Elias: Nijibu tu, shem.

Rhobi: Unakatika.

Elias: A-me-u-fu-ngu-a?

Rhobi: Nimesikia. Hebu anza mwanzo, ndo na mimi nijue pa kuanzia.

Elias: Haya. Ijumaa nilikuwa Musoma, nimepeleka makaratasi ya pamba. Nikapita mtaa wa Mukendo, kwenye duka la Fahadi anayeuza redio na simu. Nikamnunulia Mzee redio ya sola. Nilisema tangu mama afariki anashinda kimya, angalau apate sauti ndani ya nyumba.

Rhobi: Hapo uliwaza vizuri.

Elias: Halafu nikanunua na kitu kingine. Changu.

Rhobi: Kitu gani?

Elias: Kigemu. Cha kushika mkononi. Ndani kina gemu zote za zamani, zile tulizokuwaga tunacheza kwa zamu kwenye banda la Mugeta, pale stendi. Vifaru. Magari. Matofali yanayodondoka.

Rhobi: Shemeji, wewe una miaka thelathini na tisa.

Elias: Najua nilizaliwa lini. Miaka miwili nzima nikienda Musoma lazima nipite kwa Fahadi, nisimame mbele ya kabati la kioo, nikiangalie, niondoke. Nimeacha soda. Nimeacha chipsi. Ijumaa ndo nikakichukua. Sasa Fahadi akafunga maboksi yote mawili kwenye mifuko ya aina moja, na maboksi yenyewe saizi moja—

Rhobi: (anaanza kucheka)

Elias: Usicheke.

Rhobi: Sicheki. (anacheka) Endelea.

Elias: Jumapili tuliporudi Bunda nikajifungia chooni nifungue mfuko wangu. Natoa boksi, nakuta redio.

Rhobi: Chooni.

Elias: Ningefungulia wapi? Esther hajui. Na akagonga mlango, nikatoka nayo mkononi. Akauliza, hiyo redio ya nani. Nikasema nimekununulia wewe, mama watoto.

Rhobi: (anacheka mpaka anakohoa)

Elias: Amechinja kuku, Rhobi. Anaifungulia kuanzia alfajiri, anaimba nayo. Siwezi hata kuigusa. Kwa hiyo nakuomba, kwa heshima zote, ingia ndani kimyakimya, chukua ule mfuko, umpe mtu wa basi. Nitamletea Mzee redio nyingine mwisho wa mwezi.

Rhobi: Unataka mimi nikamnyang'anye baba yangu zawadi ya mkwe wake?

Elias: Sio kunyang'anya. Kubadilisha.

Rhobi: Kitu kikishapokelewa ukweni kimeshaota mizizi. Leo unafuata gemu, kesho utafuata ng'ombe.

Elias: Ng'ombe sijazitaja.

Rhobi: Na usizitaje.

Elias: Lakini shem, Mzee atafanyia nini kile kitu? Hata simu ya tochi huwaga inamshinda, anaipigaga kwenye goti. Kwake kile si chochote. Atakiweka juu ya kabati, panya wakojolee.

Rhobi: Hapo ndo umekosea.

Elias: Nimekosea wapi?

Rhobi: Alikifungua Jumapili hiyohiyo, hata vumbi la gari yenu halijatulia. Akavaa miwani. Nikamwambia, baba, subiri nikusomee karatasi ya maelezo. Akabonyeza, kikawaka. Akapita vifaru, akapita magari, akaenda moja kwa moja kwenye matofali. Na vidole gumba vinakwenda, shemeji, utafikiri ndo kazi aliyosomea.

Elias: Amejuaje?

Rhobi: Na mimi nikamuuliza. Jana asubuhi ndo akanituma kwenye kabati la vitabu, droo ya chini kabisa, chini ya maandalio yake ya masomo ya zamani. Akasema niletee kile... (mtandao unakwaruza) ...cha plastiki, cha kijivu...

Elias: Sijasikia. Cha nini?

Rhobi: Nasema kigemu! Cha zamani sana, cha matofali matupu. Kioo kimekufa, mfuniko wa betri umefungwa kwa plasta ya kidonda. Na nyuma pamechorwa kwa ncha ya bikari: E. MASHIMBA, 6B. Shem? Haloo? Umekatika?

Elias: Nipo.

Rhobi: E. Mashimba ni wewe?

Elias: Ni mimi. Mwaka tisini na tisa, darasa la sita. Mzee ndo alikuwa mwalimu wetu wa hesabu hapa Bunda, Mwalimu Magige, kila mtu alikuwa anamwogopa. Alinikuta nacheza chini ya dawati. Viboko vinne, kigemu akaweka mfukoni, akasema njoo ukichukue na mzazi wako.

Rhobi: Ukaenda na mzazi?

Elias: Niende na baba yangu aniongezee vingine vinne? Nikaacha. Kilikuwa zawadi ya mjomba. Nilikililia wiki nzima.

Rhobi: Miaka yote hii hukutuambia.

Elias: Ningeanzaje? Nimekuja kuoa kwenu, nifungue kinywa niseme Mwalimu una kigemu changu? Siku ya mahari nilikaa nyuma ya wajomba ili asinione vizuri. Nikaona ananisalimia kama mgeni, nikashukuru Mungu, nikasema amenisahau. Miaka kumi na moja sasa nakuja kwenu, nakaa kile kiti cha mlangoni, nasalimia, nakula, naondoka.

Rhobi: Hakukusahau. Alikujua kwenye barua ya posa, kabla hata hujaja. Jana ndo kanieleza. Anasema alisoma lile jina akajua ni yuleyule wa chini ya dawati. Akasema moyoni, huyu akinidai nitampa chake. Basi hukudai. Na yeye mkwe ataanzaje?

Elias: Mungu wangu.

Rhobi: Sasa ameona umemletea kipya. Unajua anasemaje? Anasema, mkwe wangu ana akili. Hakunisema kwa watu. Ameninunulia kingine ili nijue amenisamehe na nione na aibu kidogo.

Elias: Lakini mimi sikuwa na hiyo akili. Nilikosea mfuko.

Rhobi: Basi nenda wewe ukamwambie.

Elias: Siwezi.

Rhobi: Na bado. Chini ya jina lako kuna namba. Elfu tisa mia nane sabini.

Elias: Eh.

Rhobi: Rekodi yako. Baba anasema alikuwaga akimaliza kusahihisha madaftari anakicheza hicho kigemu, anaitafuta namba hiyo. Miaka na miaka. Mama alikuwa anamchekaga, anamwambia, mwalimu wa hesabu mzima unashindwa na mtoto wa darasa la sita. Hakuwahi kuifikia mpaka kioo kikafa.

Elias: Rhobi, ngoja nikuambie—

Rhobi: Ngoja nimalize mimi. Jana saa tisa naanika mihogo, nasikia baba kapiga ukelele barazani. Nikachomoa fimbo nikakimbia, nikijua ni nyoka. Namkuta kasimama, kakinyanyua kigemu juu kama kombe. Elfu kumi na mia mbili. Anasema, Rhobi, nenda ukamwambie mama yako nimempita. Halafu akakumbuka. Akakaa chini. Nikajua sasa ndo basi, atanyamaza tena mpaka kesho kutwa. Hakunyamaza. Alicheka, shem. Machozi yanamtoka na anacheka, anasema angekuwepo angenikoma huyu mwanamke. Na mimi nikakaa pembeni yake nikacheka, nikalia. Tangu tumzike mama sijamsikia hivyo.

Elias: Basi.

Rhobi: Basi nini?

Elias: Kaa nacho. Yaani... mwache akae nacho. Ni chake. Sikifuati tena.

Rhobi: Hata mwisho wa mwezi?

Elias: Hata mwisho wa dunia. Lakini shem, nikuambie neno moja, na uape halitoki hapo kwenye jiwe.

Rhobi: Naapa.

Elias: Ile namba ni ya uongo.

Rhobi: Ya nini?

Elias: Ya uongo. Niliichora tu niwatambie wenzangu. Sikuwahi kufika hata elfu nne.

Rhobi: (kicheko kirefu) Ngoja nikae chini. Ngoja nishuke, nitaanguka.

Elias: Usishuke, mtandao.

Rhobi: Baba kahangaika zaidi ya miaka ishirini na namba ya—

Elias: Umeapa.

Rhobi: Nimeapa. Nitazikwa nayo. Kwa hiyo redio ni ya dada, gemu ni ya baba. Wewe umebaki na nini?

Elias: Nimebaki na waya. Wa kuchajia. Fahadi alinipa pembeni, nikauweka kwenye mfuko wa shati.

Rhobi: Kumbe ndo maana. Tumeutafuta huo waya mpaka kwenye majani ya ng'ombe. Chaji imebaki kidogo sana, anacheza mara moja anazima, anacheza mara moja anazima. (sauti inakuwa mbali) Abee, baba... Naongea na shemeji... Wa Bunda, ndiyo.

Elias: Rhobi! Usimwambie ni mimi.

Rhobi: Nimeshasema. Amekuja mpaka huku zizini na gemu yake mkononi. Anakusalimia.

Elias: Mwambie shikamoo. Mwambie nimesimama.

Rhobi: Umesimama kweli?

Elias: Nimesimama, marobota yote yananiona.

Rhobi: (mbali) Anasema shikamoo, amesimama... Shem, anasema marahaba, ukae. Anasema Jumapili uje.

Elias: Nitakuja. Na waya.

Rhobi: Na anasema ujiandae. Uje uitetee namba yako.

Elias: Nitaaibika, shem. Mbele ya mkwe.

Rhobi: Fanya mazoezi.

Elias: Kwa gemu ipi? Ya kwangu si anayo yeye?

Rhobi: (anacheka) Hilo nalo neno.

Elias: Shem, fanya haraka, hapa inalia titi, titi, dakika za Gasper zinaisha. Msalimie sana. Mwambie Jumapili, tukitoka tu kanisani.

Rhobi: Subiri, ana jambo. (mbali) Nini, baba?... Ehe... (karibu) Anasema Jumapili usikae kile kiti cha mlangoni.

Elias: Nikae wapi?

Rhobi: Anasema kioo cha hiki kitu ni kidogo, mtu akiwa mlangoni haoni kitu. Anakuwekea kigoda. Hapo kwake, mgusane mabega. Shem? Umesikia?

Elias: Nimesikia. Mwambie... mwambie Mwalimu kwamba mimi nita—

Rhobi: Haloo? Haloo, shem? Imekatika, baba. Ndiyo, amekubali. Sasa kizime hicho, usimalize chaji kabla mwenzako hajafika.