Oddvar Myklevoll na Teipu ya Kijani

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kumsindikiza, haya ndiyo maisha ya Oddvar Myklevoll. Leo yatasemwa yote.

Oddvar alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 kisiwani Karmøy, mtoto wa pili wa Tørres na Borghild. Alisoma Kopervik, kisha ufundi wa redio mjini Haugesund, alikohitimu mwaka 1971. Huko alikutana na Eilif Sandvåg, wakawa chanda na pete. Alipomwoa Ragnfrid, tarehe 14 Juni 1980, Eilif ndiye aliyesimamia ndoa.

Mwaka 1984 wote wawili waliajiriwa kwenye kiwanda cha gesi, Eilif stoo, Oddvar kwenye redio za mkononi za wafanyakazi. Penye gesi, cheche moja ya betri mbovu inatosha kulipua jengo. Oddvar hakuruhusu mtu kubadilisha betri karibu na mabomba, awe bosi au kibarua. Betri iliyochoka aliiziba meno yake ya shaba yanayopitisha umeme kwa teipu ya kijani, ndipo akaitia kwenye pipa la kupelekwa kuyeyushwa. Hata za tochi ya nyumbani alizifunga hivyo hivyo.

"Baba Gunnvor, siku ukifa nitakubandika teipu kichwani na miguuni!" Ragnfrid alimtania.

"Bandika tu, ila usinichanganye na zilizo nzima."

Novemba 2003 chumba cha pampu kilishika moto. Oddvar aliingia akamtoa fundi aliyezirai, akatoka na mapafu yaliyojaa moshi. Redio ya fundi yule ilikuwa imetiwa betri mpya asubuhi hiyo. Oddvar alikwenda stoo kukagua zilizobaki kwenye boksi ilimotoka, na kwenye meno ya kila moja akakuta gundi ya kijani. Zilikuwa zimeopolewa pipani na kubandikwa lebo za betri mpya.

"Eilif, hizi nilishazitupa mimi."

"Nilikuwa nabana matumizi tu, kaka. Niachie boksi. Kesho nitawaambia mwenyewe, haki ya Mungu."

Oddvar alimwachia. Angemwachia hata mtoto wake. Kesho yake boksi halikuonekana, na Eilif aliwaambia wachunguzi, "Mambo ya betri muulizeni Oddvar. Mimi ni mtu wa stoo."

Oddvar alifukuzwa kazi. Dukani watu walimwita mchoma kiwanda, na baadhi yenu mmo humu kanisani. Eilif alistaafu kwa keki na hotuba. Inatuuma mpaka leo. Kila Jumapili Oddvar alichemsha kahawa ya watu wawili zaidi ya waliokuwepo nyumbani, kwa sababu Eilif alikuwa akinywa vikombe viwili. Hakuja.

Mapafu hayakupona. Alifariki hospitalini Haugesund tarehe 2 Februari 2024, Ragnfrid akiwa amemshika mkono. Mfukoni mwa koti alilovikwa, mkewe ametia teipu ya kijani.

Ameacha mke, binti yake Gunnvor anayewasomea haya, na wajukuu wawili.

Jeneza lina mishikio sita, na wabebaji ni watano. Ule wa mbele kulia baba aliutenga mwenyewe kabla ya kufa. Alisema, "Mwacheni Eilif abebe. Lakini kwanza aseme ukweli wa boksi."

Eilif, kama umekuja, simama. Baba, pumzika kwa amani. Hatukunyanyui mpaka aseme.