Mwanangu Alikula Ukuta

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mimi Mama Sidi nimesimama mbele yenu nina aibu, tena nina furaha.

Wakati wa vita vya Wazungu mume wangu alipata kazi kwenye matangi ya mafuta hapa Changamwe, tukapanga vyumba viwili katika nyumba kuukuu ya mawe. Nyumba ya kizungu! Mimi niliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo nikajiona malkia. Rangi nyeupe ya kuta ilikuwa ikibambuka kama ganda la muhogo.

Mwanangu Sidi, wa miaka miwili, akaanza kuila. Ndugu zangu, nani hapa hakula udongo wa ukuta wa kwao? Mimi nimeula utotoni, nikaula tena nilipokuwa na mimba yake. Mama mkwe alicheka, akasema mtoto amenifuata. Basi nikawa nambandulia magamba kwa kisu, namtilia kikombeni, atafune huku napika. Kwa mkono wangu huu!

Kisha nyumba ikaanza kunitisha. Jua la utosi namkuta mtoto ameegemeza paji ukutani, analamba taratibu. Nikimwita hageuki. Maneno yakampotea moja moja: kwanza "maji", kisha "baba", mwisho akaacha kuniita mama. Tumbo likamkaza. Siku moja nikaona alama za meno yake kwenye ubao wa dirisha uliopakwa rangi ile ile. Na kando yake, alama nyingine za zamani, za meno madogo yasiyo ya mwanangu.

Mama mkwe akasema nyumba ina pepo, anamtaka mtoto. Nikakemea kwa jina la Yesu, na bado nikampa kikombe chake. Kesho yake degedege likamkamata, macho yakapanda juu.

Nikalia, Bwana, nionyeshe kilichomshika! Fundi Samweli, mshirika mwenzetu apakaye rangi meli bandarini, akaja kutuombea. Kabla hatujafumba macho akakiona kikombe. Akagusisha gamba ulimini, akatema.

"Tamu," akasema. "Mama Sidi, hii ni rangi iliyotiwa madini ya risasi, ni sumu. Imewalegeza mikono wenzangu, watu wazima. Mtoeni mtoto sasa hivi, hata vumbi lake lisimguse."

Hatukuomba mle ndani. Tuliomba njiani, mtoto mgongoni, tukikimbilia hospitali. Hatukurudi kulala pale tena.

Ndugu zangu, Sidi yu hai! Degedege halijarudi. Maneno hayajarudi yote, sitawadanganya. Lakini Jumapili iliyopita aliniita mama, nikaangusha sufuria nikacheza!

Mtegemeeni Mungu huyu. Anasikia, na akikuonyesha kitu, fanya hima.

Nyumba ile ina wapangaji wapya. Dada yangu wa benchi la nyuma, juzi nilikuona ukitoka mlango ule. Huyo uliyempakata ana weupe mdomoni. Usingoje nimalize. Inuka, mama, twende pamoja.