Mama Mizizi na Dawa Aliyomnyima Mdogo Wake

Habari za jioni, wasikilizaji wapendwa. Sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Mizizi. Alikuwa mkemia. Kazi yake ilikuwa kutafuta, ndani ya mimea, kitu kinachoweza kuua saratani. Alifariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Tumemzika Jumamosi.

Maabara yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya chuo, chenye dirisha lisilofunga vizuri na harufu ya spiriti. Humo alikausha mizizi, akaisaga, akailoweka, akaichuja mpaka ikabaki dondoo, yaani kitu cheusi kizito chini ya kichupa. Dondoo hiyo aliidondoshea seli za saratani zilizooteshwa kwenye kisahani, kisha akasubiri kuona kama zitakufa. Mara nyingi hazikufa. Alicheka, akaosha vyombo, akaanza upya.

Mumewe, fundi saa, ameniambia hivi: "Nilioa mke mmoja, nikaletewa msitu mzima. Unafungua friji utafute maziwa, unakutana na magome."

Halafu, wasikilizaji wapendwa, ikaja asubuhi moja. Alijaribu mzizi wa mmea unaotambaa, na seli za saratani zikafa karibu zote. Alimpigia simu mdogo wake kabla hata ya kumwambia mkuu wake wa kazi. "Zimekufa! Njoo uone!"

Gazeti likainusa habari, likaandika kwa herufi kubwa: dawa imepatikana. Wagonjwa wakaanza kufika getini na chupa mkononi. Mama Mizizi alitoka mwenyewe. Aliwaambia: "Jamani, hii bado si dawa. Imeua seli kwenye kisahani. Hata sabuni ya unga itaziua."

Mwaka huohuo mdogo wake, mshonaji wa sare za shule, akakutwa na saratani ya titi. Mdogo wake wa tumbo moja. Yeye mwenyewe anasimulia:

"Nilimfuata maabara. Nikamwambia, Dada, dawa iko kwenye friji yako na mimi ni damu yako. Nipe kidogo tu. Akasema hapana. Nikamwambia, basi nikifa usithubutu kunililia. Akafunga friji kwa ufunguo. Akasema, 'Nichukie ukitaka. Kesho tunakwenda hospitali.'"

Walikwenda. Mdogo akafanyiwa upasuaji, kisha akaanza kuwekewa dripu. Dada mtu ndiye aliyemshikia beseni alipotapika. Siku moja daktari akawaambia kwamba dawa iliyomo kwenye dripu ile nayo asili yake ni mti.

"Kumbe mti!" mdogo akamgeukia dada yake.

"Mti, ndiyo," akajibiwa. "Lakini huu umeshapimwa. Tunajua kipimo chake, na tunajua ubaya wake."

Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yao ya kwanza tangu siku ile ya friji.

Baadaye majibu ya panya waliojaribiwa dondoo ile yakatoka. Dondoo ya Mama Mizizi ilikuwa inaharibu ini. Panya walikufa kwa kipimo kidogo tu. Alikwenda nyumbani kwa mdogo wake, akaketi jikoni, akalia kama mtoto.

"Nilidhani anaililia kazi yake," anasema mdogo. "Kumbe siku moja alishaimimina ile dondoo kwenye chupa, akaiweka kwenye mkoba, akaja nayo mpaka mlangoni kwangu. Akageuka, akarudi. Hicho ndicho kilichokuwa kinamliza."

Mdogo huyo yu hai. Jumamosi ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Na kule maabara wanafunzi wanaendelea kuichambua dondoo ileile, wakitafuta sehemu inayoua saratani bila kugusa ini. Huenda wakaipata. Huenda wasiipate.

Kwa fundi saa, kwa mdogo wa marehemu, kwa wanafunzi wake: poleni sana. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, ukihisi uvimbe usiouelewa, nenda kapime mapema. Kama unakunywa majani au mizizi, mwambie daktari, usimfiche. Na jiulize: umpendaye akikuomba kitu usichokijua ubaya wake, utapata wapi nguvu ya kusema hapana, halafu ukabaki naye hapohapo kando ya kitanda chake? Tulifikirie hilo jioni hii, kila mtu na nduguye.